Kifungo cha Koti la Baba

Ofisini waliniita Kasuku, na nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi. Kila mapumziko ya chai, wahasibu na makarani walinizunguka: "Kasuku, hebu tufanyie mzee." Basi nainuka, nafunga kifungo cha koti ambalo sikuvaa, nakohoa mara mbili, kisha namwaga Kizungu cha baba yangu, kile alichojifunza kwenye kitabu cha kuandikia barua: "Nina heshima kubwa kuwajulisha kwamba nina njaa." Walicheka hadi wakawa hoi. Miaka mitatu nilijipatia sifa kwa mgongo wa baba, na hakuna aliyeniuliza kama yupo hai.

Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipofungwa, nafasi ya mtunza stoo ikatokea ofisini kwetu. Fomu nilimpelekea mimi mwenyewe. Baba alikuwa ametunza misumari na bawaba kwa miaka ishirini, kazi ile alikuwa anaitaka kufa na kupona. Sikuwaza zaidi ya hapo, mjinga mimi.

Siku ya usaili nilikaa mezani kwangu, mlango wa meneja ukiwa wazi. Nikamwona baba anasimama, anafunga kifungo. Mhasibu akaziba mdomo. Baba akakohoa mara mbili, na kabla hajatoa neno, ofisi nzima ikaangua kicheko.

Baba naye akacheka kidogo, kwa adabu, huku akitafuta kilichochekesha.

"Kumbe yupo kweli," meneja akasema, akijifuta machozi. "Kasuku, njoo ufanye na wewe, tuone nani zaidi."

Ningeweza kukataa. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mimi napenda kutazamwa. Nikasimama, nikafunga kifungo, nikakohoa. Nilimshinda. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, kisha akachukua bahasha yake ya vyeti, akaaga kila mtu kwa mkono, mimi pia.

Kazi akapewa mtu mwingine.

Nyumbani siku zote mimi na baba tulizungumza lugha yetu, ndiyo aliyonibembelezea na kunigombezea. Sasa nikimwomba hata chumvi kwa lugha hiyo, anasimama, anafunga kifungo, anakohoa mara mbili, ananijibu kwa Kizungu. Hacheki. Mama aliniambia nimwombe radhi, nikaomba, kwa lugha zote mbili.

Baba alisema ana heshima kubwa kunijulisha kwamba ombi langu limepokelewa.