Nyumba Iliyoshuka Kilimani

Jumamosi moja ya mwaka 1968, Joha alimaliza kukandika ukuta wa nyumba yake mpya, akanawa udongo mikononi, akainjika mboga jikoni. Mafiga yake matatu yalikuwa yametangulia kuhamia, kama ilivyo desturi, kabla hata nguzo ya kwanza haijasimamishwa.

Nyumba ilikuwa juu ya Mto Mkondoa, katika uwanja mtupu ambao Wazungu waliuacha kati ya nyumba zao za kilimani na mtaa wa Waafrika bondeni. Sasa katika nyumba zile walikaa wakubwa wa wilaya. Masika yaliyopita, maji ya mto yalimfika mama mkwe wa Joha, Bi Sikuzani, kifuani akiwa kitandani. Miguu yake haikuwa na nguvu tena. Kwa hiyo Joha na mumewe, Mwinshehe, walibomoa nyumba ya bondeni na kumpandisha mama.

Alasiri ya Jumamosi ile, nyumba mpya ilishuka yenyewe. Ilikwenda taratibu, ikikwepa mihogo ya watu, Bi Sikuzani akiwa ndani, ikatua bondeni kwenye kiwanja chao cha zamani. Majirani waliipisha njia.

"Safari ilikuwa nzuri," alisema Bi Sikuzani, "ila ingepitia sokoni ningenunua tumbaku."

Jumatatu Joha alikwenda ofisi ya ardhi. Karani Nikolaus, kijana mwenye adabu, alimpa shikamoo, akamwonyesha ramani ya mji ukutani. Uwanja ule ulikuwa mweupe. Uliachwa, alieleza, ili mbu wa Waafrika wasiwafikie Wazungu, na nyumba za mji hufuata ramani. Hata ya mjomba wake ilishuka.

"Tumepata Uhuru, mwanangu. Mbu wetu bado wanaogopwa?"

"Tumebadilisha majina ya barabara tu, mama."

"Basi nichoree kibanda kimoja."

Nikolaus aliitazama penseli yake. "Penseli ninayo. Ruhusa iko Dar es Salaam."

Joha alipanda uwanjani kuchukua chungu chake cha mboga, ambacho hakikushuka na nyumba. Mafiga yalikuwa palepale, moto wa Jumamosi bado ukiwaka, mboga ikichemka. Aliyechora ramani hakuwahi kufikiria mafiga.

Mvua zilipoanza, Mwinshehe alimbeba mama yake mgongoni hadi pale penye mafiga, wakajitanda turubai moja.

"Nilikubeba mwaka mzima na hukunishukuru," Bi Sikuzani alimwambia mwanawe. "Leo tumelipana."

Bondeni, maji yalifika madirishani mwa nyumba yao, nayo haikusogea. Kilimani, katika nyumba ya mkubwa mmoja, mtu alifunga madirisha ili moshi usiingie. Joha alichochea kuni, akampisha mama mkwe wake upande wenye joto.