Sakafu ya Fundi

Kila asubuhi, kabla ya chai, mjane wa fundi mwashi alichukua ufagio na kwenda kufagia nyumba yake. Nyumba yenyewe haikuwepo. Manispaa ilikuwa imeivunja, pamoja na zote za mstari ule, ili ipitishe barabara, kisha barabara ikapitishwa kwingine. Ilibaki sakafu tu, ya saruji nyekundu, yenye michirizi pale kuta zilipokuwa zimesimama. Mjane alianza na sebule, akaingia vyumbani, akamalizia jikoni. Hata akiwa na haraka, alipita pale mlango ulipokuwa.

Ofisa wa viwanja alikuwa amewaambia waliovunjiwa kwamba kiwanja kitakachoonekana kimetelekezwa kitachukuliwa. Ndiyo maana alifagia.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa na sakafu yake jirani. Siku hizi wawili hao walipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Wifi hakufagia. Alikuja kukaa juu ya tofali na kutazama.

"Wifi, leo umesahau kufuta vioo vya madirisha."

"Nitafuta kesho. Wewe kwako buibui wamejaa mpaka darini."

Mvua zilipoanza, wakafika wageni wa kwanza. Yalikuwa madoa ya kijivu, yale yanayoshika kwenye mawe. Yalipiga hodi. Mjane akaitika, yakaingia mlangoni, yakaambaa ukutani hadi chumbani, yakatulia ndani ya alama ya unyayo. Unyayo ule ulikuwa wa fundi mwenyewe. Alikanyaga saruji kabla haijakauka, na mkewe akamcheka kwa hilo mpaka alipofariki.

"Yafagie hayo," alisema wifi. "Ofisa akija ataona uchafu."

"Yamepiga hodi. Mgeni anafagiwa?"

Akafagia kwingine kote, akauzunguka unyayo.

Madoa yalikuwa na kazi ya kimyakimya. Yaliitafuna saruji ikawa vumbi laini, vumbi likawa udongo wa kujaa kiganja. Udongo ulipotosha, hodi ikapigwa tena. Yalikuwa majani mafupi, mororo kama zulia, na madoa yakayakabidhi chumba na kuaga. Majani mororo yalihifadhi maji, udongo ukanenepa, nyasi zikabisha hodi. Nyasi zilipoona zimetosha, zilijikunja kama mikeka, zikatoka kwa mstari, zikavipisha vichaka. Kila waliohama waliacha udongo mzito kuliko ule walioukuta, na waliofuata wasingeweza kuishi bila huo. Hawakwenda mbali. Walihamia sakafu ya jirani.

"Wamepiga hodi kwangu," wifi alisema jioni moja akichambua maharage. "Nimewaambia karibuni, lakini waishie chumba cha wageni."

Baada ya vichaka ilikuja miti inayopenda jua, ikakua mbiombio. Kivuli chake kikawa kizito hata miche yake yenyewe ikashindwa kuota chini yake, nayo miti hiyo ikafungasha. Ndipo ikaja miti ya polepole, inayolelewa kivulini. Mkubwa kuliko yote ulisimama kwenye unyayo. Hakuna tawi lililovuka ukuta.

Mjane alikwisha acha kufagia. Sasa alipokea watu, akawatembeza huku ameinua kidevu.

"Hapa ni sebuleni, jihadharini na ndege. Sakafu hii aliimwaga mume wangu. Sakafu za mafundi wengine zinaota nyufa."

Ofisa wa viwanja alikuja na kamba yake ya kupimia. Miti ikasogea kumpisha, naye akaishukuru. Alipima pande zote bila haraka.

"Mama, hapa sasa ni msitu. Msitu ni wa serikali."

"Na sakafu yangu iliyo chini?"

"Haionekani."

"Ningeendelea kufagia, je?"

"Kingebaki kiwanja cha barabara," alijibu kwa upole.

"Barabara ipi?" aliuliza wifi.

Ofisa akakunja kamba yake.

Wiki hiyo ukazungushwa uzio wa waya, na mbele yake kibao: MSITU WA ASILI. HAKUNA KUINGIA. Mjane alikisoma polepole. Aliusoma na uzio, kwa macho, kutoka kona hadi kona. Kisha akarudi kwenye kibao.

"Asili? Huu umeanzia kwenye mguu wa mume wangu."

"Kaka yangu huyo," alisema wifi. "Hakuwahi kutazama anapokanyaga."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, mjane alikwenda bila ufagio. Alisimama kwenye uzio, mkabala na pale mlango ulipokuwa. Akavua viatu, akapiga hodi.

Ndani, kuanzia jikoni hadi chumbani, wakaitika wote kwa pamoja: "Karibu, mwenye nyumba."

Waya haukufunguka. Mjane akaketi juu ya tofali, kando ya wifi yake, akanyoosha mgongo.

"Si uingie," alisema wifi. "Wanakungoja."

"Waache wangoje. Mwenye nyumba haharakishwi."