Dawa ya Mistari Miwili

"Kosa ni langu, Raheli. Nimekuja kulisema usoni, siyo kwenye simu," Luqmani alisema, mguu mmoja bado uko nje ya mlango.

"Shikamoo," Raheli akajibu, kama mtu anayetozwa ushuru.

"Marahaba."

Luqmani alikuwa amepanda basi la asubuhi kutoka Utemini mpaka Shelui, flashi mfukoni, na karanga ambazo kwa aibu hakuzifungua njia nzima. Fundi programu huyu, mvi zimeshaanza kumchungulia, ndiye aliyeanzisha grupu la WhatsApp la waandika programu wa Singida. Humo, ukigundua amri fupi ya kompyuta inayorahisisha kazi, unaibandika wenzako wanakili. Wanaziita dawa.

Jana alibandika dawa ya kusafisha takataka, mistari miwili. Wa kwanza: ingia kwenye folda ya takataka. Wa pili: rm -rf *, yaani futa kila kitu hapo uliposimama, wala usiniulize. Angeifunga mistari yote miwili pamoja, wa pili usingetembea bila wa kwanza. Yeye akaituma mmoja mmoja, ati iwe rahisi kunakili. Wa kwanza ulipotua tu, vijana wakaanza: shikamoo mwalimu, shikamoo mzee, shikamoo. Naye, mtu wa adabu zake, akamwitikia kila mmoja marahaba ndipo akatuma wa pili. Raheli, mmoja wa wanagrupu, alipofungua simu alikuta salamu zimejaa kioo kizima, na chini yake mstari mmoja. Akaunakili kwenye kompyuta, akauendesha. Alikuwa amesimama ndani ya folda ya kazi yake.

Ikafutika programu ya kuwapangia madereva wa malori vyumba vya gesti. Ameihangaikia tangu masika, na nakala nyingine hana. Mwenye gesti anataka kuiona kesho. Asipoiona, kazi anampa fundi wa Nzega. Usiku huohuo grupu likaandika: Raheli ametoka.

"Ndiye huyu mganga wenu?" aliuliza mama mdogo wa Raheli, akipepeta uwele uani. "Dawa gani inamwacha mgonjwa hana hata nguo?"

"Mama, ningeumwa mimi, kwangu nisingekuja," Luqmani akajibu.

Mama mdogo akacheka mpaka ungo ukayumba. Raheli hakucheka.

"Kompyuta uliizima?" Luqmani akamuuliza.

"Si ulinipigia jana ukasema niizime."

"Hapo umetuokoa. Vitu bado vimo, vibao vya milangoni tu ndivyo vimeng'olewa. Ungeandika vingine juu yake, ndiyo ingekuwa basi."

Akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kwa kupitia hiyo, akaiacha programu ya uokoaji iliyomo ikwangue diski. Chai ikaja, ikapoa. Mchana mafaili yakaanza kutokea, mamia, hayana majina, namba tupu: vipande vya programu vimechanganyika na picha za kwaya na za harusi ya mtu.

"Nitafungua moja moja," Luqmani akasema.

"Utazijuaje? Lete hapa."

Akamwachia kiti. Raheli akafungua, akasoma, akatoa jina. "Hii ya vyumba. Hii ya malipo. Hii nilishaitupa, imerudi kutafuta nini?" Hapo kidogo mdomo ulimcheza. Kisha akarudia kusoma. Faili la kuzuia madereva wawili wasipewe chumba kimoja lilikuwa limekatika katikati.

"Nusu haipo."

Luqmani akainama, akatazama. Akaitafuta nusu hiyo katika mafaili yote yaliyookolewa. Haipo.

"Unaikumbuka?"

"Niliiandika mimi."

Akavuta kiti mbele, akaanza. Luqmani akahamia kwenye kigoda mlangoni, asimpumulie shingoni. Barabarani lori lilipiga breki, likaondoka. Vidole vya Raheli vikasimama, vikarudi nyuma, vikaendelea.

Luqmani akatoa simu, akabonyeza.

"Nimekutumia mwaliko wa kurudi kwenye grupu," alisema taratibu. "Naomba urudi, mwanangu."

Simu ya Raheli iliwaka mezani, pembeni ya kikombe. Ikakaa inawaka kidogo, kisha ikazima yenyewe, na yeye bado anaandika.