Kidole cha Don Evodio

Jumanne asubuhi Obdulia alikuwa akigeuza chapati za mahindi jikoni, amesimama kwa mguu mmoja. Wa kulia ulimuuma kuanzia kidole gumba hadi gotini. Alivaa ndala. Kucha zake zilikuwa fupi, safi, zimekatwa sawasawa.

Sebuleni, bosi wake Don Evodio, mwenye duka la chakula cha mifugo, alikuwa akivaa buti za ngozi ya nyoka. Ncha zake zilikuwa nyembamba kama mdomo wa korongo. Mguu wake ulikuwa mpana kama wa baba yake, aliyelima pekupeku, jambo lisilozungumzwa nyumbani humo. Kila Jumapili alizichonga kucha pembeni kwa kisu cha kufungulia magunia, ili buti ziingie. Kucha ilipokua ilichimba nyama. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kinatoa usaha. Hakikumuuma hata kidogo.

Obdulia alikwenda zahanati. Nesi Herminia alimkagua, akamuuliza anamfanyia nani kazi.

"Don Evodio."

"Ahaa. Basi hii si yako." Nesi akanawa mikono. "Hapo nje nina dereva anayeumwa jino la bosi wake, wakili. Inabidi nimtibu mwenye kidole."

"Jumamosi namwoza binti yangu, dada nesi. Nataka nimshike mkono hadi altareni. Siwezi kuingia kanisani narukaruka kama kuku aliyefungwa mguu."

Jioni nesi alifika kwa Don Evodio na mkoba wake. Alimweleza kwamba ilitakiwa aloweke mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, ainue kona ya kucha kwa pamba, akate kucha moja kwa moja bila kuizungusha, na avae viatu vipana. Sasa amechelewa, ukingo wa kucha lazima uondolewe.

"Viatu vipana ni vya mapadri na wajawazito," alisema Don Evodio. "Na mimi Jumamosi ndiye msimamizi wa harusi. Halafu, kwani nimelalamika?"

"Analalamika Obdulia."

"Huyo hulalamika hata mvua ikinyesha."

"Supu ya jana ilikuwa chumvi tupu," mkewe, Doña Amparo, alisema. "Huo mguu unatuharibia chakula."

Hapo Don Evodio akavua buti.

Nesi akaandaa sindano ya ganzi. Don Evodio akaiona, akaurudisha mguu.

"Ya nini hiyo? Mimi sisikii kitu."

"Ni kwa ajili ya Obdulia."

"Basi mchome Obdulia."

Nesi akamchoma Obdulia. Kidole cha Obdulia kikafa ganzi na maumivu yakabaki palepale, kwa kuwa hayakuwa yake. Nesi akamgeukia tena Don Evodio, akamsihi. Akakataa. Tangu utotoni aliogopa sindano, na hilo nalo halikuzungumzwa nyumbani humo.

Mkasi ukaingia chini ya kucha. Obdulia alipiga magoti kando ya jiko, akaing'ata aproni yake. Don Evodio alimsimulia nesi habari za jogoo wake wa kupigana, akaomba kahawa, na ilipochelewa akanuna.

Hadi Ijumaa kidonda kilikuwa kinakauka. Obdulia alitembea nyumba nzima bila kushika ukuta, akamjaribishia binti yake, Yareli, gauni.

Jumamosi, kengele zikilia, Don Evodio alishuka kwenye gari amevaa buti mpya. Ncha zilikuwa ndefu kuliko zile za kwanza. Obdulia na bintiye walikuwa wamefika katikati ya kanisa.

"Mama, ni yeye?" Yareli alinong'ona.

"Tembea, mwanangu. Usinitazame."

Walifika altareni, Yareli akimshikilia mama yake kwapani.

Kwenye karamu Don Evodio alisimulia jinsi alivyopasuliwa bila ganzi na asitoe hata sauti.

"Hilo ndilo dume!" wanaume walisema, wakainua glasi. Nesi Herminia naye alikuwepo. Alikula wali wake.

Kisha bendi ikaanza, na Don Evodio akamchukua bibi harusi, akakanyaga sakafu kwa visigino na kwa ncha. Obdulia alikaa kwenye benchi akilia. Wageni wote walijua sababu. Walikubaliana kwamba mama wa bibi harusi kulia ni jambo la heri, na wakaiomba bendi irudie.