Koti Lililoongezwa Kwapani

Tegua hili: inazaliwa asubuhi, na kabla jua halijazama ina miaka sitini. Ukishindwa, panda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, usukume mlango wenye kitasa kilicholegea. Humo ndimo zilimoshonwa nguo za wanajeshi wa zamani: makoti, kofia, mikanda, mashanta, hata vifuko vya chupa za maji. Zote mpya, na zote zilitakiwa zifanane na zile za kale mpaka kwenye makosa ya fundi wake. Waliozinunua walikuwa watu wa sinema, watu wa maonyesho, na wazee wenye nafasi wanaopenda vita ambavyo hawakupigana.

Ukutani Bosi alibandika karatasi: SHONA UNACHOKIONA, USISHONE UNACHOKIJUA. Maana yake, kama mshono wa koti la asili umepinda, na wako upinde hapohapo. Kuna fundi aliwahi kuunyoosha mfuko uliokaa upande, kwa huruma zake tu, akafumulishwa makoti kumi na mawili.

Bi Vifungo alikuwa humo mwaka wa kumi na tisa. Jina hilo alipewa kwa sababu vitundu vya vifungo alivishona kwa mkono, na hakuna aliyeweza kutofautisha chake na cha fundi aliyekwisha kuoza kaburini. Umri miaka hamsini na minane, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, mdomo hauishiwi jibu. Meza ya jirani alikaa Mzee Majani, ambaye kazi yake ilikuwa kuzizeesha nguo. Aliziloweka kwenye majani ya chai, akazisugua viwiko kwa msasa, akazianika, akazikanyagakanyaga kama mtu aliyepandwa na wazimu.

"Nami ungenipitisha kwenye hilo sufuria lako," Bi Vifungo alizoea kumwambia, "ila unirudishe nyuma."

"Shemeji, wewe nikikuloweka, chai ndiyo itakayopauka."

Jumatatu moja Bosi aliingia amebeba koti kwenye mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa kichanga cha watu.

"Hili ni la mteja wetu mkubwa," alisema. "Mwenyewe anaweka vitu vya vita kwenye makabati ya vioo. Anataka nakala moja ya kuvaa siku za kumbukumbu, na hili lenyewe tulirudishe kwenye hali yake, likae kwenye kioo. Aliyelivaa alikufa akivuka mto. Kibao kimeshaandikwa."

"Maskini," alisema Mzee Majani.

"Bi Vifungo, lichukue wewe. Anza na koti la majaribio, kama kawaida."

Koti la majaribio ndilo lililoshonwa kwanza katika kila kazi, ili makosa yaishie humo. Likishapimwa na kutazamwa, fundi aliyelishona hulichukua akalifanyie atakalo. Wengi walikata madekio ya sakafu.

Bi Vifungo alilitandaza koti mezani, akaanza na mikono. Wa kulia alipima, akaandika. Wa kushoto alipima, akasita, akapima tena. Ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Aliugeuza upindo wake nje ndani. Mshono ulikuwa wa mkono, mdogomdogo kama mayai ya chawa, na mwishoni palikuwa na fundo: uzi umezungushwa mara tatu, mkia wake ukapitishwa chini ya kitambaa, ukatokea upana wa kidole kimoja mbele.

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

Fundo lile hakuwahi kuliona popote isipokuwa kwao. Mama yake alilibuni mwenyewe, akawafundisha watoto wake wawili tu, yeye na kaka yake. Na kaka yake alianguka kutoka kwenye paa akiwa na miaka tisa, mkono wa kushoto ukaunga vibaya, ukabaki mfupi kwa vidole viwili. Alipokuja likizo moja ya jeshi amevaa koti linalomfunika vidole, mama alimvua mlangoni kabla hajakaa. "Utapigaje bunduki na mkono unaojificha?" Akalipunguza palepale. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Vita viliisha, wenzake wakarudi, wengine wakarudishwa, yeye wala barua. Miaka arobaini.

Mama hakukubali kukaa matanga. "Nimlilie nani? Nimeonyeshwa nini?" Kitanda cha mwanawe kilibaki kimetandikwa, na kila Ijumaa shuka lake lilifuliwa. Macho ya mama yalipozima, kazi ya kufua ikawa ya binti. Alilifua ndoa ikamshinda, akalifua ajira ikamkuta, na shuka halikulaliwa na mtu.

Kwa hiyo alipolishika lile fundo, Bi Vifungo alifurahi. Nisifiche, alifurahi, mpaka akaona aibu. Alikufa mtoni! Basi. Leo atampelekea mama koti, mama atalishika, atalia, na kitanda kitakunjwa.

Lakini fundi ni kama daktari wa maiti, akishaanza kupekua hawezi kuacha katikati. Aliendelea chini mpaka kwenye vifungo, akaona matundu ya sindano mahali pasipo na kifungo. Vifungo vile vilikuwa vimehamishwa. Kwanza nusu kidole kuelekea ukingoni, kisha kidole kizima, kama mtu anayesogezea jirani kiti. Uzi wa safari ya pili ulikuwa wa nailoni. Jeshi la wakati ule halikuujua uzi wa nailoni.

Alilifungua kwapa. Chini ya kila kwapa palikuwa pameongezwa kipande chenye umbo la jani, kimeshonwa kwa mkono, na mwisho wa mshono lile fundo: mara tatu, mkia chini, kidole kimoja mbele. Kilikuwa cha kitambaa cha buluu, kile cha sare za shule za watoto wadogo. Kimoja kilikatwa pale mfuko ulipokuwa, bado kina doa la wino wa kalamu iliyovuja.

Alilaza kidole kwenye lile doa mpaka Mzee Majani akamgeukia.

"Shemeji, umeona panya?"

"Nimeona mtu aliyenenepa."

"Kwani kosa?"

Alilibeba koti. Alimfuata Bosi kwenye kichumba chake. "Mteja alilipata wapi hili koti?"

"Kwenye robota la nguo kuukuu, huko anakonunuliaga. Mji gani, hata yeye hakumbuki. Kwa nini?"

"Huyu hakufa mtoni, Bosi. Aliishi. Alikula akashiba. Koti limeongezwa kwapani, vifungo vimesogezwa mara mbili. Alikuwa na mtoto anasoma."

Bosi alilitazama, akapuliza pumzi. "Basi hivyo ndivyo anavyotaka tuvitoe. Mteja amesema vile vipande vya buluu vinamtia aibu. Vifumue, likaze kiunoni, vifungo virudi mwanzo."

"Karatasi yako ukutani inasemaje?"

"Karatasi ni ya nakala. Hili ni la asili."

"Ni la kaka yangu."

Bosi alicheka kidogo, akidhani ndiyo mizaha yake. Alipoona hacheki, alishusha sauti. "Mama, nitafanyaje? Koti si langu. Nikikupa, kesho wote tunakaa nyumbani. Pole. Lakini lifumue."

Jioni mama alikuwa kitini kwake karibu na dirisha, akichambua mchele kwa vidole kama kawaida yake. Alimjua binti yake kwa kandambili.

"Nina nyumba ya milango sita, kila mlango una mgeni wake, na akiingia mmoja tu lazima waingie wote," alisema kabla ya salamu.

"Koti na vifungo, mama. Hilo ulilitega juzi."

"Nilitaka nijue kama umeamka. Umenyamaza tangu kizingitini."

Ndivyo walivyolelewa, kwa vitendawili. Aliyeshindwa alimpa mwenzake mji, jina la mji wowote, na mshindi akauchukua ukawa wake. Kaka alikuwa hodari. Alimaliza miji yote ya kwenye ramani ya shule, akawa anatamba: "Miji yote yangu, mama! Umebaki huu wa kwetu tu, na huu siutaki, una mbu."

Bi Vifungo alizitazama nywele nyeupe za mama yake zimeinamia sinia. Angemwambia nini? Kwamba yule unayemfulia shuka alikuwa mahali, mzima, akisogeza vifungo, mpaka alipokufa nguo zake zikaingia robotani? Kwamba una mjukuu aliyevujiwa na wino, sasa ni mtu mzima, na hajui kama upo? Aliinuka akaenda kuweka maji jikoni, na humo jikoni akaamua. Koti la majaribio atalishona kwa kitambaa kizuri. Atalishona lilivyokuwa siku ile mlangoni: jembamba, vifungo pale pa kwanza, mkono wa kushoto pungufu vidole viwili, na lile fundo. Mama atashika. Mama atalia. Yatosha.

Siku nne alifanya kazi mbili. Kwa mkono mmoja alifumua mishono ya kaka yake, uzi baada ya uzi, na kila fundo lilipokatika alihisi kama anamziba mtu mdomo. Kwa mkono mwingine alishona koti la uongo. Vile vipande viwili vya buluu alivitia kifuani, ndani ya sidiria, Bosi asivitupe.

"Hili la majaribio nalo nizeeshe?" Mzee Majani alishangaa. "La madekio?"

"Lizeeshe kuliko yote uliyowahi kuzeesha. Na kiwiko cha kushoto kisugue zaidi, alikuwa akikiegemea."

Mzee aliwasha jiko bila kuuliza zaidi. Alipomkabidhi, ungeapa limelala vitani.

Ijumaa, baada ya kufua shuka, alimwekea mama koti mapajani.

"Mama, limepatikana kazini. Lilikuja kwenye robota la nguo kuukuu. Wanasema aliyelivaa alikufa akivuka mto."

Mikono ya mama ilipanda begani, ikashuka mkono wa kulia, ikashuka wa kushoto, ikafika upindoni ikasimama. Akapima kwa vidole viwili. Midomo ikamtetemeka, na binti akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatatu. Kidole gumba cha mama kikatafuta fundo, kikalipata, kikalizunguka. Kisha akalinyanyua koti puani.

"Limenywa chai," alisema.

"Mama?"

"Nasema limenywa chai, nyingi. Na hili fundo umefunga wewe. Wewe tangu utoto unakaza mzunguko wa tatu, nimekusema mpaka nikachoka. Kaka yako alikuwa akiulegeza." Aliliweka koti chini taratibu, kama mtu anayemweka kitandani mtoto wa jirani aliyelala. "Umenishonea. Unajua kushona, mwanangu, sikatai. Basi la kwake liko wapi?"

"Limerudi kwa mteja wa kazini. Lipo, mama, nakuapia, nimelishika. Mkono ulikuwa na mshono wako."

"Na ulishindwa kuniletea hata nilishike dakika moja, mpaka ukalishona jingine. Lilikuwa na nini ambacho mimi sitakiwi kukishika?"

Bi Vifungo alitazama dirishani. Shuka lilikuwa kwenye kamba, linadondosha maji.

"Tundu la risasi?" mama aliuliza. "Damu? Nimezaa, nimezika mume, damu naijua. Sema."

"Alinenepa, mama."

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Mama alisubiri ndoo ipite.

"Kiasi gani?"

"Vidole vitatu kila upande."

"Hicho si kitambi cha mwaka mmoja."

"Hapana."

Aliingiza mkono kifuani, akatoa vile vipande viwili vya buluu, akavilaza kwenye kiganja cha mama yake. "Aliongeza kwapani kwa hivi. Kashona mwenyewe. Mzunguko wa tatu aliulegeza."

Mama alivisugua. Alijua kitambaa cha sare, alishona sare nusu ya umri wake. Alifika pale mfuko ulipokuwa, akagusa mahali wino ulipokakamaa. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Uso wake ulijifunga tu kama duka.

"Ningeletewa maiti," alisema, "ningeipokea mlangoni."

"Najua, mama."

"Hujui. Kaanue lile shuka."

"Bado bichi."

"Kaanue hivyohivyo. Ukate madekio."

Binti aliinuka. Alipofika mlangoni mama alimwita, na sauti ilikuwa ile ya vitendawili, ile ile ya kitoto, imebaki mfupa tu.

"Ametoka mwembamba, amenenepa, amezaa, amekufa, na kwao hajafika. Tegua."

Bi Vifungo alisimama na kibanio cha nguo mkononi. Jibu walikuwa nalo wote wawili.

"Nimeshindwa, mama."

"Hata mimi," mama alisema. Vile vipande alikuwa amevikunja vidogo kabisa, amevifumbata. "Unipe mji, sivyo? Haya, nitajie wewe. Mji gani, mwanangu? Alikaa mji gani?"