Nyumba Isiyo na Mume

Kiwanda cha samani kilipofungwa, fundi seremala alirudi nyumbani na msumeno wake begani, akamwambia mkewe kwamba Mungu hamtupi mja wake. Wakati huo bado alikuwa na imani. Miezi ikapita, watu wakaacha kununua hata viti, sembuse makabati. Jiko likawa linawashwa mara moja kwa siku, tena kwa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria.

Ndipo serikali ikaleta mpango wa chakula: unga, maharage na mafuta kila wiki, lakini kwa wajane na wanawake walioachwa tu. Nyumba yenye mwanamume mwenye nguvu zake haikuhesabiwa kuwa na njaa.

"Nguvu ninazo," fundi alisema. "Kazi ndiyo sina. Hilo hawaliulizi?"

"Nimewaambia," mkewe akajibu. "Wamesema utafute."

Mwishowe fundi akalitamka mwenyewe: ataondoka, mke aseme ameachwa. Hali ikitengemaa, atarudi. Mke alilia, lakini hakumkataza, na hilo lilimchoma fundi kuliko machozi yenyewe.

Akahamia kwenye banda bovu ng'ambo ya mji. Mwanzoni alikuja kwa siri kumwona mkewe na wanawe. Kisha mkaguzi wa mpango, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Chungulia kwa jinsi alivyofunua kila sufuria na kuinama chini ya kila kitanda, akakuta viatu vya kiume kwa jirani. Jirani akafutwa orodhani papo hapo, yeye na wanawe. Tangu hapo fundi akakata mguu.

Alivumilia mpaka aliposikia kitindamimba wake anaumwa. Akabeba mfuko wa vifaa, akaenda mchana kweupe. Alimkuta mtoto ameshapona, kaketi mkekani, mashavu yamejaa. Kabla hajamshika, hodi ikapigwa na Bi Chungulia akaingia bila kungoja karibu.

"Huyu nani?"

Mke akaonyesha mlango. "Fundi. Bawaba ya mlango imelegea."

Fundi akapiga magoti mlangoni. Bawaba haikuwa na kasoro. Aliifunga mwenyewe mwaka waliooana. Akalegeza skrubu, akazikaza tena, huku nyuma yake vifuniko vikilia na kitanda kikivutwa. Kisha akamsikia mkaguzi akisema na mtoto, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya.

"Baba yuko wapi, mwanangu?"

"Ametuacha. Hatupendi."

"Na huyu unamjua?"

Mtoto akamtazama fundi kwa muda. "Simjui."

Fundi aliinamia kazi. Mtoto alikuwa amefundishwa kusema hivyo, au kweli amemsahau? Hakuweza kugeuka akamwangalia machoni.

"Mlipe basi," Bi Chungulia akamwambia mke. "Naye ana watoto wake."

Mke akachota unga, akaufunga kwenye kitambaa. Mikono yao ikagusana.

"Ahsante, fundi."

"Haya, mama."

Njia nzima aliapa hataula unga ule. Jioni akausonga, akaula, kwani njaa haina adabu. Alipokuwa akila aliyakumbuka yale mashavu. Wanawe walikuwa wakishiba kwa sababu yeye hayupo. Hesabu hiyo hakuweza kuipinga. Siku chache baadaye likapita kundi la wanaume waendao kuchimba mfereji mbali huko, akafuatana nao, hakuaga mtu.

Mpango ulipofungwa, habari zilimkuta kambini, kifua kimembana, hawezi hata kunyanyua sepetu. Akamtuma mwenzake mmoja akawaite. Mwenzake alirudi peke yake. Nyumba ina wapangaji wengine, alisema, na majirani hawajui mama yule alielekea wapi na wanawe.

"Uliwauliza vizuri?"

"Niliwauliza, ndugu yangu."

Fundi akajilaza, akageukia ukutani.