Samaki wa Ijumaa kwa Mama Philbert

Verediana alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, jioni ya Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, mwanawe Philbert alipoingia jikoni amelowa chapachapa, na samaki mkubwa amemfunga ndani ya sweta.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Funga mlango, baridi inaingia."

Philbert akafunga mlango, akavuta kigoda akakaa. Maji yaliyomtiririka yakatengeneza dimbwi sakafuni, na mama akainuka kutafuta dekio. Miezi ilikuwa imepita hajamwona. Aliviangalia vidole vyake, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na midomo yake haikuwa na rangi. Hapo akajua, maana mzazi hafichwi. Mwanawe amekufa, na amekufa maji. Alitaka kulia, lakini utaanzaje, na mtu mwenyewe amekaa mbele yako anauliza kisu kiko wapi?

"Huyu ni changu," alisema Philbert. "Ukinunua changu, tazama macho yang'ae, na mashavu ukiyafunua yawe mekundu. Yakiwa ya kijivu, mwachie mwenyewe."

Verediana alimpokea samaki, akamtumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Nani angemlaumu? Mafinga tunajua dagaa wakavu, na samaki kwetu ni kitu cha kuloweka.

"Mama, huyo hajakauka. Huyo amekufa leo."

"Haya, nisamehe," alisema Verediana, akamtoa haraka. Alitaka kumuuliza yeye je, amekufa lini, lakini swali likagoma kutoka. Wakampara magamba, wakamkatia nyanya za Ilula na kitunguu, wakambandika kwenye jiko la maranda. Walikula na ugali. Nyama yake ilikuwa nyeupe, tamu, haina shombo hata kidogo, na Verediana alilia akila, akasingizia moshi.

Sasa niwaeleze Philbert alivyofika huko baharini, maana si kwao wala kwa babu yake. Alikuwa fundi seremala katika kiwanda cha mbao cha Mzee Vitus. Mzee Vitus alipopata uwezo zaidi akanunua boti Kilwa, akampeleka Philbert kwa lori lililobeba mbao za kuikarabati. Boti ilipopona, akamwambia abaki huko awe macho yake. Kijana hajui kuogelea. Mtu wa Mafinga na maji yale ya baridi, akishaoga amemaliza. Kabla ya Krismasi Mzee Vitus alirudi na habari kwamba Philbert ameiba mashine ya boti na kutoroka. Aliisema kwenye jumuiya, baada ya rozari, tena kwa upole, akaomba kijana aombewe atubu. Mzee Vitus ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Watu waliitikia amina.

Ijumaa iliyofuata Philbert alikuja na tasi, akamwonya mama yake asiishike miiba ya mgongoni, inachoma kuliko nyuki. Mara nyingine alileta pweza. Verediana alimkatakata akamchemsha na magadi kama tunavyochemsha maharage magumu, akatafuna mpaka taya zikamuuma. Philbert alicheka, akamfundisha kwamba pweza hupigwa kwanza, anapigwa juu ya jiwe mpaka alegee. Kila alipokanyaga palibaki chumvi, na mbuzi wa jirani yake Frida wakawa hawaondoki mlangoni, wanalamba kizingiti tu.

Mbuzi ndio waliomleta Frida. Alikuja kuwaswaga, akasikia harufu, akaingia.

"Philbert! Umerudi? Mbona umekonda hivyo?"

"Nimerudi, mama mdogo. Karibu kolekole."

Frida akanawa mikono. Wiki iliyofuata alikuja na mumewe, na wiki nyingine wakaja na shemeji. Ndimi za watu hazina kufuli, na Kwaresima haina nyama siku ya Ijumaa. Kabla ya Pasaka nusu ya jumuiya ilikuwa inakula kwa Verediana, wamejipanga kwenye mabenchi wamevaa masweta, wanabishana kama wenyeji wa Kilwa: chewa ni wa mchuzi, kibua ni wa kuchoma, nguru akatwe vipande vya mviringo. Waliinua miguu Philbert alipopita na bakuli, wasiloweshwe viatu.

Mwisho akaja Mzee Vitus. Alipewa kiti chenye mto, akabariki chakula, akajipakulia kichwa cha chewa.

Verediana alisubiri amege tonge la kwanza.

"Philbert, mwanangu," alisema, "waambie watu. Mashine ya boti iko wapi?"

"Iko kwenye boti, mama," alisema Philbert. Alikuwa anatoa miiba kwenye sahani ya mtoto wa Frida. "Ilichomoka ikazama, mimi niko pale. Nahodha akampigia simu mzee. Mzee akasema mashine isiachwe, ashuke mtu. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa mzee. Wakanifunga kamba ya lori, ile ya kufungia mbao, nikashuka nimeshika nanga. Kamba ilikuwa moja. Nikaifungua kwangu, nikaifunga kwenye mashine, nikaitikisa kama tulivyoagana. Wakaivuta."

"Na wewe?" aliuliza mama yake.

"Waliniita kidogo."

Mbuzi walisikika wakilamba kizingiti. Frida aliangalia sahani yake. Watu wote wakamgeukia Mzee Vitus, naye alikuwa ananyonya jicho la chewa, hana haraka.

"Nimesikia," alisema. "Kama mashine ilirudi, basi mimi nilidanganywa na nahodha, namsamehe. Kijana si mwizi, tumshukuru Mungu. Lakini mama Philbert, unavyosema ni kama kuna mtu amekufa. Nani amekufa? Si huyu hapa anatugawia mchuzi?"

"Kweli," alisema mume wa Frida, na akaomba aongezewe ugali.

Verediana hakukata tamaa. Hakutaka Mzee Vitus afungwe, wala hakutaka kitu chake. Alitaka msiba. Alitaka kengele ipigwe, watu waje kukaa mkekani, jumuiya isali, jina la mwanawe litajwe na neno marehemu mbele yake, na yeye alie mpaka aishiwe, kama anavyolia mama yeyote. Baada ya Pasaka alisimama kwenye jumuiya akaomba hivyo. Alisema mwanawe ana vidole vya maiti, kila mtu ameviona.

Mzee Vitus alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kanisa haliziki mtu anayeleta samaki kila Ijumaa. Watu waliguna wakikubali. Walikuwa wameshazoea nguru, tusidanganyane.

Ijumaa hiyo Philbert alileta kamba wa baharini, wamejaa kofia. Verediana hakuwapokea.

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Wakikuona wanasema u hai, na mimi kukulilia siwezi. Nimechoka kumeza. Usilete tena samaki, baba. Niache nikuzike."

Philbert alitazama kamba wake. "Nilidhani utafurahi, mama."

"Nimefurahi. Sijawahi kula vitu vitamu hivi maishani mwangu."

Akaondoka kupitia kwenye miti ya misindano, na Ijumaa iliyofuata hakuja. Verediana alirudi kwenye jumuiya akawaambia hayupo tena. Mzee Vitus akasema vijana ndivyo walivyo, atakuwa amerudi kwenye shughuli zake, tusubiri. Frida hakumsalimia wakati wa kutoka. Alikuwa ameshasaga viungo vya kumpikia pweza.

Basi Verediana akauweka msiba mwenyewe. Alitoa viti sebuleni, akatandika mikeka, akajifunga kanga kiunoni. Nje aliwasha moto wa mabanzi kwa ajili ya wanaume, maana wanaume hukaa nje. Akapika ugali wa sufuria kubwa na maharage, kama msiba unavyotaka, akakaa mkekani akasubiri. Watu walipita njiani wakitazama moto. Frida alisimama kwenye ua, akasema angekuja, ila msiba haujatangazwa. Lori la Mzee Vitus lilipita likielekea pwani, na kijana mmoja amekaa juu ya mbao, sweta lake jipya.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misindano Philbert alipopanda njia, mikono mitupu. Hakuingia ndani. Alikwenda kukaa penye moto, mahali pa wanaume, na moto ukachachatika kwa maji yake.

Verediana alitoka. "Si nilikuomba usije?"

"Uliniomba nisilete samaki, mama. Nimekuja msibani. Msibani mtu haalikwi." Akasimama, akavua kofia. "Pole sana kwa kufiwa."

"Asante, mwanangu. Kuna wengine nyuma yako?"

Philbert akageuka kuitazama njia.

"Hapana, mama. Niko peke yangu."

Ndipo Verediana akalia. Alilia kwa sauti, kwa jina lake, Philbert wangu, Philbert wangu, na marehemu akamshika mabega kwa mikono yake ya baridi, akamwambia ajikaze, ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu ndivyo mfiwa anavyoambiwa na hapakuwa na mtu mwingine wa kusema.